Anayedai Ndiye Athibitishe

Kampuni ya kukusanya madeni inapompigia simu mkazi wa Marekani, awe mzaliwa wa huko au mhamiaji kutoka kwetu, ikimtaka alipe deni la zamani la kadi ya mkopo, mara nyingi siyo iliyomkopesha. Benki ilikwisha kulifuta deni vitabuni na kuliuza kwa jumla pamoja na maelfu mengine. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilitoa ripoti kuhusu wanunuzi wakubwa wa madeni, ikaeleza kuwa walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Kinachonunuliwa kwa bei hiyo aghalabu ni faili la kompyuta lenye jina, anwani, namba ya akaunti na kiasi kinachodaiwa. Nyaraka zenyewe hubaki nyuma, na baadhi ya mikataba ya mauzo ilitamka wazi kwamba muuzaji hadhamini usahihi wa takwimu zake. Deni likiuzwa mara ya pili na ya tatu, makosa yake yote husafiri nalo, hata pale lilipokwisha kulipwa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba anayefuatwa na kampuni ya namna hii aombe uthibitisho kabla hajatoa hata dola moja. Sheria ya shirikisho ya 1977 inampa siku 30 tangu apokee taarifa ya deni. Akilipinga kwa maandishi ndani ya muda huo, kampuni lazima isimamishe madai mpaka imtumie uthibitisho. Kupinga kwa simu peke yake hakuilazimishi hivyo. Akinyamaza, kampuni inaruhusiwa kulichukulia deni kuwa halali, ingawa mahakama haiwezi kuuhesabu ukimya huo kuwa amekiri. Kulipa kidogo ili simu zikome ni hatari zaidi, kwani katika majimbo mengi malipo hayo yanaweza kuanzisha upya muda wa ukomo wa kushtaki, ambao kwa kawaida ni miaka 3 hadi 6.

Wapo watakaosema huku ni kuwafundisha watu ukwepaji, na kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nakubali kwamba deni hulipwa, lakini alipwe nani, na kiasi gani? Jamii zetu hazikuwahi kuona aibu kudai maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inaamuru madeni yaandikwe na yawe na mashahidi. Wala hakuna dalili ya wimbi la wakwepaji. Ripoti hiyo ya 2013 ilionesha kuwa madeni yaliyopingwa yalikuwa takriban asilimia 3 tu, na kati ya hayo, wanunuzi walisema wamethibitisha nusu hivi. Nusu nyingine ndiyo inayonitia uchungu, kwa kuwa ni watu waliopinga na madeni yao hayakuthibitishwa. Kampuni yenye nyaraka haipotezi kitu zaidi ya gharama ya kuzituma. Isiyo nazo haina haki ya kumnyima mtu usingizi.

Udhaifu mkubwa umo ndani ya sheria yenyewe. Mwaka 1999 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho iliamua kuwa uthibitisho unatosha kampuni ikieleza kwa maandishi kwamba kiasi inachodai ndicho anachodai mkopeshaji. Huko ni kurudia dai, siyo kulithibitisha. Bunge la Marekani lingepaswa kutamka kuwa uthibitisho ni mkataba wa kadi, taarifa za akaunti na hati za kila mauzo tangu benki hadi kwa anayedai leo. Utafiti wa taasisi ya Pew wa 2020 ulionesha kuwa zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni huishia kwa hukumu ya upande mmoja, kwa sababu mdaiwa hakujibu, na baada ya hapo mshahara wake unaweza kukatwa. Kwa hiyo aliyekwisha kuandika barua asidhani kazi imekwisha. Hati ya kuitwa mahakamani ikimfikia, ajibu ndani ya muda uliowekwa, na adai nyaraka hizohizo mbele ya hakimu.