Chatu Halii Baridi

UPEPO WA ZIWANI
Na Shija Masalu

Ifikapo Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, daladala za kutoka Mwanza mjini hushusha watu Kisesa tangu asubuhi, nao hukata njia kwenda Bujora kwenye Bulabo. Mashindano hayo ya ngoma yana mizizi katika miaka ya 1950, enzi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec aliyeanzisha pale makumbusho ya Wasukuma. Kanuni ya ushindi ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hupiga ngoma kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda.

Hapo ndipo chatu anapoingia. Mchezaji humtoa sandukuni, humviringisha shingoni, hulala naye vumbini, humleta uso kwa uso kana kwamba wananong'onezana. Umati huhama upande ule kwa mkupuo. Watoto hupanda mabegani mwa baba zao. Chatu mwenyewe hana masikio ya nje. Mdundo wa ngoma humfikia kama mtetemo, kupitia ardhini na kwenye mfupa wa taya lake.

Ujuzi huu una wenyewe. Bagoyangi, na chama cha Buyeye, walikuwa watu wa nyoka kwa maana kamili ya neno: walijua kumkamata, walijua dawa za aliyeumwa, na walikuwa na miiko yao. Hans Cory, aliyechunguza mila za Wasukuma enzi za Waingereza, alichapisha mwaka 1946 makala ndefu juu ya Buyeye. Ndani ya vyama hivi mtu hakupewa nyoka kwa kuwa amempenda tu. Aliingizwa, akafundishwa, akakaa chini ya wakubwa wake. Siku hizi kijana anaweza kumpata chatu wake wa kwanza kabla hajampata mwalimu, na hilo ndilo linaloisukuma safu hii wiki hii.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kuonyeshwa chatu wa namna hiyo kwenye ua wa nyumba moja ambayo haina haja ya kutajwa. Ilikuwa asubuhi ya Julai, umande bado haujakauka. Chatu alikuwa ndani ya kiroba cha salfeti kilichofungwa kwa kamba ya katani, juu ya sakafu ya saruji. Alipofunguliwa hakukimbia wala hakutishia kung'ata. Mwenyeji alisema kwa fahari, "Huyu ameshazoea." Lakini kwenye tundu za pua kulikuwa na povu dogo, mdomo ulikuwa wazi upana wa ukucha, na kichwa kimeinuliwa juu kama cha mtu anayetafuta hewa ndani ya maji. Kila pumzi ilitoka na mlio mwembamba. Chini ya magamba ya kidevuni vilitembea vidoa vyeusi, vidogo kuliko mbegu ya mchicha: utitiri.

Yule hakuwa amezoea. Alikuwa anaumwa mapafu. Nyoka hana kiwambo kati ya kifua na tumbo, hivyo hawezi kukohoa kwa nguvu makohozi yakatoka. Anachoweza ni kuinua kichwa na kusubiri. Mbwa mgonjwa hulia, mbuzi mgonjwa hujitenga na kundi mchungaji akamwona. Chatu hunyamaza, na sisi kimya hicho tunakiita upole.

Huko Ulaya na Marekani watu wengi sana wanafuga chatu majumbani, hasa aina moja ndogo inayotoka Afrika Magharibi na ya kati, ambayo mpaka wake wa mashariki ni pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Huyu hapatikani Tanzania. Mara nyingi hukua kufikia mita 1 hadi mita 1 na nusu tu, na akiogopa hujikunja akawa duara kama mpira, kichwa kikiwa katikati. Jina lake la Kiingereza limetokana na tabia hiyo. Biashara yake imekuwa kubwa mno: Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikisafirisha maelfu kwa maelfu, wengi wao vifaranga na majike wenye mimba waliochimbuliwa mashimoni. Na katika nchi hiyohiyo ya Benin, mjini Ouidah, wako chatu wa aina hiyo wanaoishi ndani ya hekalu, nao wakiingia nyumbani kwa mtu hurudishwa kwa heshima.

Wafugaji hawa wa mbali wamelipa ada ya kujifunza kwa vifo vingi vya nyoka wao, na walichojifunza hakina siri. Cha kwanza ni joto. Chatu hajitengenezei joto mwilini kama sisi, hulitafuta. Kwa aina ile ndogo, upande mmoja wa kasha huwekwa kwenye nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili kama nyuzi 26, naye huchagua mwenyewe saa ya kukaa huku na saa ya kukaa kule. Akinyimwa nafasi ya kuchagua, chakula hakisagiki tumboni na kifua kinaingiwa na maradhi. Balbu iwe nje ya wavu ili asiunguzwe, na kipimajoto kikae pale nyoka anapolala, si juu ya kifuniko. Kiganja cha mkono hakiaminiki kwa kazi hii.

Mchana wa Magu, wilaya ilipo Bujora, humtosha chatu bila gharama yoyote. Tatizo ni usiku, tena usiku wa kipupwe, majira yaleyale ya Bulabo, ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 20 na saruji huwa baridi kuliko hewa. Chatu wa porini angekuwa amezama kwenye kichuguu au shimo la muhanga, mahali ambapo ardhi hutunza joto. Chatu wa kwenye kiroba hana pa kuzama.

Na hapo tunafika kwenye jambo ambalo mtu anayemfuga chatu kwa mara ya kwanza hulidharau kuliko yote: maficho. Kasha lenye mwanga, lenye kioo, lenye watu wanaochungulia kutwa ni mateso kwa mnyama ambaye maisha yake yote ni kutoonekana. Anahitaji mahali penye giza panapombana mwili pande zote, tena mahali pawili, upande wa joto na upande wa ubaridi, asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kuota joto. Chungu kilichopasuka mdomo kinatosha. Boksi la karatasi ngumu linatosha. Chatu anayekataa kula mwezi mzima mara nyingi huanza kula wiki ileile aliyopewa pa kujificha.

Kuhusu kula, watu wa kwetu humhofia chatu kwa sababu ya mbuzi na kuku, kwa hiyo hudhani ni mlafi. Si kweli. Chatu mdogo hutosheka na panya mmoja kila wiki au siku kumi, panya asiyezidi unene wa tumbo la nyoka mwenyewe. Mkubwa hukaa wiki kadhaa. Panya apelekwe akiwa amekufa, kwa koleo refu, maana panya hai akiachwa usiku kucha humtafuna nyoka mgongoni hadi kuonekana mfupa. Akishakula, chatu aachwe kabisa kwa siku 2 au zaidi. Wanasayansi waliopima chatu wa Asia baada ya mlo walikuta misuli ya moyo imekua kwa asilimia 40 ndani ya saa 48. Mnyama aliye kwenye kazi nzito kiasi hicho ndani ya mwili wake akivutwa kwenda kuchezeshwa uwanjani, hutapika, na kutapika humdhoofisha vibaya.

Maneno ya kujivua gamba tunayajua wote. Mwaka 2011 yalitawala siasa za nchi hii. Mwenyewe anayejivua hutoa taarifa mapema. Rangi hufifia, tumbo huwa la waridi, halafu macho hugeuka kama maziwa yaliyotiwa maji, ya samawati. Siku hizo haoni vizuri na hataki kuguswa. Akiwa na beseni la maji analoweza kuzama mwili wote, na hewa isiyo kavu sana, gamba hutoka zima kama soksi iliyogeuzwa, kuanzia midomoni. Likitoka vipande vipande, maana yake alikosa unyevu, au anaumwa. Likibaki kwenye macho, mtu asilibandue kwa ukucha.

Kwa uangalizi wa namna hii nyoka huishi miaka ambayo wengi hawaiwazii. Mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, bustani ya wanyama ya St. Louis huko Marekani ilipokea chatu wa ile aina ndogo kutoka kwa mtu aliyekuwa akimfuga. Julai 2020 chatu huyohuyo, akikadiriwa kuwa na miaka isiyopungua 62, alitaga mayai 7 ilhali hakuwa amekaa na dume kwa miaka mingi. Kijana anayemchukua chatu leo anajifunga kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Tena chatu wetu si yule mdogo. Chatu wa kandokando ya Ziwa Victoria hupita mita 4, na kifaranga anayelala kwenye kikapu leo, baada ya miaka michache atahitaji watu wawili kumbeba. Mkubwa hashikwi na mtu mmoja peke yake, hata awe ameshikwa mara elfu. Meno yake yamepinda kuelekea ndani; aking'ata, mkono haunyofolewi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, maana nyoka hubeba vijidudu vya kuharisha, na watoto wadogo ndio huumia zaidi.

Sheria nayo ipo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na anayetaka kumkamata au kumfuga anahitaji kibali. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ndiyo ya kwenda kuuliza. Usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 2016, na Juni 2022 tangazo la kuufungua kwa miezi 6 lilisitishwa mara tu lilipotoka. Kwa hiyo anayeokota kifaranga cha chatu mpunga unapovunwa, akidhani amepata mtaji, amejitafutia kesi na amemtafutia nyoka kifo.

Ng'ambo ya ziwa, kwa jirani zetu Wajaluo wa Nyakach, yupo chatu katika simulizi anayeitwa Omieri, ambaye kuonekana kwake huhesabiwa kuwa dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 chatu aliyepewa jina hilo aliungua moto wa porini, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa hukohuko, na wazee walihuzunika kama waliofiwa. Mwaka 2003 alipotokea mwingine, wapo waliotaka alindwe na wapo waliotaka auawe kwa kuhofia watoto na mifugo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na nyoka alikuwa na mayai.

Safu hii haitaki ngoma ya nyoka ife. Ikifa, Magu itakuwa imepoteza kitu ambacho hakinunuliki Dar es Salaam wala ng'ambo. Inachotaka ni kwamba kibali kiende pamoja na ukaguzi wa makazi ya chatu, si karatasi peke yake. Kwamba ofisi ya mifugo ya wilaya iwe na daktari mmoja aliyefundishwa kusikiliza pumzi ya nyoka, maana Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha madaktari wa wanyama kila mwaka. Na kwamba wazee wa ngoma wawafundishe vijana kulaza chatu kama wanavyowafundisha kumchezesha. Mgeni anayelipa kiingilio kutazama ngoma angefurahi pia kuonyeshwa kasha, chungu cha maficho na beseni la maji, na kuelezwa ni vya nini.

Gharama yake si kubwa. Kasha la mbao lenye matundu madogo ya hewa na mlango unaofungwa kwa komeo, fundi wa Kisesa analimaliza kwa siku moja. Ndani ziwekwe nyasi kavu zilizochambuliwa, zibadilishwe zikichafuka, na kasha liinuliwe kwa matofali 4 lisiguse saruji. Umeme ukikatika usiku, maji ya moto hutiwa ndani ya chupa mbili za plastiki ngumu, zikafungwa kwa kanga kuukuu na kusukumwa kwenye kona moja ya kasha. Ndani ya nusu saa chatu atakuwa ameondoka alipokuwa na kujilaza kando ya chupa hizo.