Udongo wa Pugu Waweza Kupunguza Mkaa wa Mafundi wa Kusubu

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hata hivyo, mkaa hauishii jikoni. Mafundi wadogo wa kusubu sufuria, wakiwemo wa Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, nao huutegemea kuyeyusha alumini chakavu.

Alumini huyeyuka kwa nyuzi joto 660 za sentigredi. Ukuta wa tanuri ukiwa duni, sehemu kubwa ya joto hutoka nje. Fundi huongeza mkaa, gharama hupanda na yeye mwenyewe huungua kwa joto hilo.

Suluhisho ni tofali jepesi la kuzuia joto. Udongo unaohimili moto huchanganywa na vumbi la mbao. Tofali linapochomwa, vumbi huteketea na kuacha vitundu vya hewa vinavyozuia joto kupita. Kwa kuwa si imara, tofali hilo hujengwa nyuma ya tofali zito linalokabili moto.

Malighafi ipo jirani. Vilima vya Pugu, Kisarawe, vina kaolini, udongo mweupe ambao ukiwa safi huhimili zaidi ya nyuzi joto 1,600. Shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, lililoanzishwa 1979, lipo Msasani, Kinondoni. SIDO imehudumia viwanda vidogo tangu 1973.

Udongo, utaalamu na mhitaji vipo karibu. Vikiunganishwa, mafanikio yatapimwa kwa magunia ya mkaa ambayo fundi hatalazimika kununua.