Tangi la Samaki Lisioshwe kwa Ajili ya Wageni

Wako wenzetu wasemao kwamba tangi la samaki lililo katika chumba cha sayansi litolewe vitu vyote, lisuguliwe mpaka king'ae kioo, kisha litiwe changarawe mpya, mimea mipya na maji mapya, yote kabla ya mahafali ya Oktoba, ili wazee wetu wakija wasione uchafu. Nia yao ni njema. Wala sibishani nao juu ya mimea, maana iliyomo imeoza nusu, na perege wamekwisha kuing'oa iliyobaki. Kulitengeneza upya yapasa. Nikataalo ni kuifanya kazi yote kwa siku moja, tena katika mwezi huo. Ikifanywa hivyo wageni watasifu tangi zuri, na baada ya juma moja au mawili samaki watakuwa wanaelea tumbo juu.

Sababu yake ni hii. Samaki hutoa amonia katika matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huizidisha. Amonia ni sumu kwa samaki mwenyewe. Lakini katika tangi lililokaa muda mrefu wamo bakteria waigeuzao kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wamo wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Sasa, bakteria hao wengi wao hawaelei katika maji. Wameshikamana na changarawe, mawe, majani, na hasa sponji ya chujio. Yaani wamo katika kitu kile kile tukiitacho uchafu. Ukikitupa chote umewafukuza wafanyakazi wote wa tangi, na kupata wengine wa kutosha huchukua yapata majuma manne hadi sita. Siku zote hizo samaki wamo katika sumu, nawe watazama maji maangavu ukadhani mambo ni mema.

Kwetu Busi hatari huzidi, kwa kuwa amonia huwa kali zaidi maji yakiwa na joto na yakiwa na alkali. Maji ya visima katika sehemu nyingi za uwanda huu wa kati ni magumu. Kila afuaye nguo ajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu. Maji ya namna hiyo mara nyingi huelekea upande wa alkali. Nayo Oktoba ni mwezi wa joto, mvua hazijaja, na mapipa ya kukingia maji ya bati ni makavu.

Nimemsikia mmoja akijibu kwamba samaki wa nchi kavu ni wagumu, hawafi kwa jambo dogo. Labda alikuwa akiwafikiria wale wa Bahi. Mto Bubu upitao Kondoa huenda kuishia katika mbuga za Bahi, na katika madimbwi ya huko wako samaki wadogo wa jamii iitwayo Nothobranchius. Dimbwi likikauka hufa wote, ila mayai yao husalia ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi, ndipo huanguliwa. Mtu apitaye wakati wa kiangazi huona udongo uliopasuka tu. Lakini mfano huo wanisaidia mimi kuliko yeye, kwa kuwa hata huko uhai umo ndani ya tope, na mtu akilichota lote akalitupa, mvua haitarudisha kitu. Perege wetu hata mayai ya namna hiyo hawana.

Basi maoni yangu ni kwamba kazi ifanywe nusu kwa nusu, ianze juma la kwanza la Januari. Siku moja kabla, samaki wasilishwe. Siku yenyewe zitafutwe ndoo ambazo hazijapata kugusa sabuni, zijazwe maji ya tangi lenyewe, samaki watiwe humo, zifunikwe kwa kitambaa (perege huruka) na kuwekwa kivulini. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikanyamaza, mtu achote maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, tena na tena. Kazi hiyo yafaa Kidato cha Kwanza. Sponji isianikwe juani wala kuoshwa bombani. Ikamuliwe kidogo katika maji ya zamani, ibaki imelowa.

Ndipo nusu moja tu ya changarawe iondolewe. Watu hupenda kuikoroga samaki wakiwa bado wanaogelea, na hilo ni kosa kubwa, maana chini yake mara nyingi pana tope jeusi linukalo kama yai bovu, na hewa itokayo humo huua. Mchanga mpya twaweza kuuchota korongoni bila gharama, tukauosha mpaka maji yatoke safi. Lakini kwanza tudondoshee siki: ukitoa mapovu una chokaa, na ugumu wa maji yetu watosha. Mimea ipandwe, maji ya zamani yarudishwe polepole juu ya sahani yasichimbue mchanga, na yanayopungua yajazwe kwa mapya. Ikiwa yametiwa dawa ya klorini, yakae wazi katika beseni siku moja kwanza. Samaki nao wasitupwe ndani kwa pupa. Waongezewe maji ya tangi kidogo kidogo katika ndoo yao muda wa nusu saa. Nusu ya pili ya changarawe ingoje majuma sita.

Wazazi wengine huuliza kama ni haki shule kufuga samaki wakati watu wanapanga foleni kisimani. Swali hilo ni la haki. Tangi letu huchukua lita 120, ndizo ndoo sita za lita 20. Kwa njia ya wenzetu zote sita zitamwagwa na sita nyingine kutekwa, kwa siku moja ya sifa. Kwa njia nisemayo zatosha mbili Januari na mbili baadaye, tena wakati mabati yanakinga mvua. Maji yatolewayo yapelekwe kwenye mchicha wa shule, kwa sababu ile nitrati ni mbolea. Nao perege wakiisha kukua, nafasi yao si kioo tena. Wapewe mzazi mwenye bwawa la perege wa aina ile ile, au waende sufuriani.

Jambo moja limesahauliwa kabisa katika mazungumzo haya, nalo ni mimea itakayotolewa. Nimesikia ikisemwa ipelekwe Ziwa Haubi ikastawi huko. Hapana. Magugumaji ya Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, yaliletwa Afrika kuwa pambo la madimbwi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikwisha kuonekana ziwani, yakaja kuziba bandari na kuwazuia wavuvi. Mimea yetu ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, kisha itiwe katika shimo la mboji nyuma ya jiko.