Vazi la Bibi

Ndugu wanachama, twasikia kwamba mwenzetu mmoja amemuuzia mtalii vazi la arusi la ngozi na shanga, ambalo bibi yake aliachiwa na mamaye. Bibi hakuulizwa.

Kabla merikani haijafika Kilimanjaro kwa misafara ya pwani, wazee wetu walijivika ngozi. Nguo ilipokuja, heshima ilihamia humo: hata leo, Mchagga akitoa mahari, blanketi la babu halisahauliwi. Waganda nao wangali na nguo ya gome la mutuba, ambayo Kabaka hutawazwa nayo na maiti huzikwa nayo. UNESCO ilitangaza utengenezaji wake kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Je, wao waliiuza?

Mtalii yule, twaambiwa, yungali mlimani, atashuka Alhamisi. Fedha na irudishwe.