Hakuna Aliyetuibia Maneno

Yapo maneno ambayo mtu mzima akiyasikia huona afadhali anyamaze, na baadhi yake nimeyasikia juzi kwenye kijiwe cha bajaji hapa Ngokolo, Shinyanga, ambapo kijana mmoja, huku akipangusa vumbi la chombo chake, alitutangazia kwa yakini ya kadhi kwamba Wamarekani wametuibia “hakuna matata”, na kwamba Mswahili atakayeyatamka maneno hayo hana budi kuwalipa. Waliohudhuria wakaguna kwa uchungu, wakamsifu kwa elimu yake.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno hayo huko Marekani mwaka 1994, ilipotoa filamu ya The Lion King, ikakubaliwa mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wakazusha ghasia. Lakini kilichosajiliwa ni alama ya biashara juu ya mavazi, ili mfanyabiashara mwingine asiuze huko fulana zake mnunuzi akadhani ni za Disney. Ulimi wa Mswahili haumo katika daftari lile. Them Mushrooms wa Kenya waliyaimba maneno hayo katika “Jambo Bwana” tangu 1982, na hoteli za pwani zingali zikiwapigia watalii wimbo huo usiku kucha.

Mwizi hasa ni nani? Chombo alichokuwa akikipangusa kijana yule kimeandikwa TVS kwa herufi kubwa, ilhali yeye, na abiria wake, na trafiki amsimamishaye, wote wanakiita bajaji, jina la kampuni nyingine ya India iliyo mshindani wa TVS. Mtoto akitumwa Colgate hurudi na dawa yoyote ya meno, na mama hamrudishi dukani. Omo nayo imekuwa kila sabuni ya unga. Wenye alama ndio wenye kuvihofu vinywa vyetu, kwa kuwa jina likizoeleka kupita kiasi huweza kumtoka mwenyewe, kama mahakama ya Marekani ilivyohukumu mwaka 1921 juu ya aspirin ya Bayer.

Wapo wasemao kwamba leo ni fulana, kesho watasajili “shikamoo”. Naam, na keshokutwa wajukuu watatuamkia kwa stakabadhi! Hoja kama hizi huzaliwa katika simu, ambamo siku hizi watu husoma vichwa vya habari tu, kisha wakatoa fatwa.

Fauka ya hayo, wauzaji wetu sokoni hutia mchele uliolimwa hapahapa Shinyanga katika magunia yenye jina la Kyela, kunakosifika mchele, na wala hakuna aliaye. Sheria ya alama za biashara tunayo tangu 1986. Wakala wa usajili wa biashara, BRELA, husajili, na alama hulindwa miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Mwenye uchungu na aufunge mchele wake kwa alama yake mwenyewe, akaisajili. Kabla hajafanya hivyo, machozi yake juu ya Disney mimi siyahesabu.