Jumamosi ya Raga Bugolobi

Katika nyumba nyingi za Bugolobi, hasa zile za ghorofa zilizo karibu na soko, Jumamosi ya mechi za shule huanza kwa mabishano kabla chai haijaiva. Wenye kufahamu mji wa Kampala wanajua sababu. Bugolobi imekaa kati ya kilima cha Mbuya chenye kambi ya jeshi na barabara kuu iendayo Jinja. Na mtu akiivuka barabara hiyo akaelekea Lugogo, anakuta viwanja vya michezo vimepangana: uwanja wa kriketi, uwanja wa mpira wa magongo, ukumbi wa ndani, na viwanja viwili vya raga, Kyadondo na Legends. Kwa mwendo wa miguu ni safari fupi. Familia ya askari isiyo na fedha za kuchezea inaweza kwenda na kurudi bila kupanda gari.

Kandanda ndiyo inayopendwa na wengi nchini Uganda, na hapana ubishi juu ya hilo. Lakini raga ya shule ina ushabiki wa namna yake, nao ni ushabiki wa kurithi. Mtu huchagua timu ya kandanda kwa kuipenda; timu ya raga ya shule humchagua yeye tangu siku alipopokelewa bwenini akiwa na sanduku na godoro lake. Akiisha kupokelewa, hata afikapo umri wa miaka sitini na kupata wajukuu, bado atauliza matokeo.

Uhasama huo wa uwanjani una mizizi mirefu kuliko wanavyodhani vijana wanaoimba pembeni mwa kiwanja. Mwezi wa Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki pale Mengo. Mwaka 1895 waliwasili mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, na sababu mojawapo ya kuletwa kwao ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba Ukatoliki si dini ya Wafaransa peke yao. Mapadri hao ndio walioanzisha Namilyango mwaka 1902. Mwaka 1906 wamisionari wa Kianglikana walifungua King's College juu ya kilima cha Budo, karibu na mahali wanapotawazwa Makabaka. Na mwaka huo huo mapadri weupe walianzisha shule ambayo leo ni St. Mary's College Kisubi. Hivyo, kabla haijatimia miaka kumi na mitano tangu vita vya Mengo, watoto wa pande zile zile walikuwa wamekwisha kutiwa katika shule zinazotazamana kwa jicho la pembeni. Wajukuu wao wanagombea mpira wenye umbo la yai. Hayo ni maendeleo, na si madogo.

Raga ililetwa na Waingereza, na kwa muda mrefu ilibaki mchezo wa maofisa na wageni. Askari wa King's African Rifles mjini Jinja walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuigusa. Baada ya miaka ya misukosuko mchezo ulisimama tena kwa miguu yake, na shule za bweni zikawa kitalu chake. Mwaka 2007 timu ya taifa ilitwaa ubingwa wa Afrika, na mwezi wa Aprili 2022 timu ya wachezaji saba iliutwaa ubingwa wa Afrika wa mchezo huo mfupi hapo hapo Kyadondo, mbele ya watu wa nyumbani. Wengi wa wachezaji wa namna hiyo waliupata mpira kwanza mikononi mwao wakiwa wamevaa sare za shule.

Sasa turudi Bugolobi, katika nyumba moja ambayo inaweza kuwa nyumba yoyote kati ya nyingi zinazofanana nayo. Baba ni sajini. Alisoma katika shule moja ya bweni, na shati lake la zamani la raga, ambalo halimpiti tena tumboni, limetundikwa nyuma ya mlango. Mwanawe wa kwanza, kwa alama zake mwenyewe, alipata nafasi katika shule ile nyingine. Baba alilipa ada bila kinyongo, lakini siku shule hizo mbili zinapokutana hukaa upande wa wanafunzi wa zamani wa shule yake, na mama watoto hukaa ng'ambo ya pili pamoja na mabinti wawili na chupa ya chai. Majirani huwacheka. Hata hivyo ndoa haijavunjika.

Mama huyo alipoanza kwenda hakuelewa kitu. Aliuona mchezo wa ajabu, wa kutaka kwenda mbele huku mpira ukirushwa nyuma. Binti yake mdogo ndiye aliyemfundisha. Anayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini amepata trai, nayo ni pointi tano. Mkwaju unaofuata ukipita kati ya milingoti huongeza mbili. Penalti huleta tatu. Zaidi ya hapo, mama alijifunza jambo ambalo washabiki wengi wa kiume hawalijui, kwamba vijana hawachezi kwa sheria zile zile za watu wazima. Kwa wenye umri usiozidi miaka 19 mchezo hauvuki dakika 70. Katika skramu, yaani pale wachezaji wanane wa kila upande wanapofungamana na kusukumana, hairuhusiwi kusukuma zaidi ya mita moja na nusu. Sheria hizi zimewekwa kwa sababu shingo ya kijana bado ni shingo ya kijana, hata ikiwa miguu yake imekuwa kama ya baba yake.

Kabla ya kuingia uwanjani kuna kupekuliwa. Wapo wanaonung'unika mlangoni, hasa wakichelewa. Wenye kunung'unika na wakumbuke usiku wa tarehe 11 Julai 2010, wakati watu walipokusanyika hapo Kyadondo kutazama fainali ya Kombe la Dunia katika skrini kubwa, mabomu yakalipuka hapo na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala. Watu zaidi ya 70 walikufa. Polisi anayetia mkono katika mfuko wa mama mwenye chupa ya chai hafanyi utani, na mke wa askari hana haja ya kuelezwa hayo mara mbili.

Siku inayosimuliwa hapa, shule ya baba ilikuwa inaongoza kwa pointi 12 dhidi ya 10, na zilibaki dakika nane. Kijana wa nyumba hiyo, anayevaa jezi namba saba, aliinama kumkaba mchezaji mkubwa wa upande wa pili, na goti la yule mkubwa likampata upande wa kichwa. Haukuwa ukorofi, ilikuwa ajali ya mchezo. Kijana alilala chini muda wa kuhesabu kumi, kisha akaketi, kisha akasimama. Washabiki wa shule yake walipiga makofi na kuimba jina lake. Mmoja alimwagia maji ya baridi kisogoni, dawa ya zamani ambayo haijapata kumponya mtu ubongo. "Simama, mwanaume!" walipaza sauti. "Dakika nane tu!"

Hapa ndipo ushabiki unapogeuka kuwa mzigo, na mzigo huo hubebwa na yule aliye mdogo kuliko wote. Kijana wa miaka 17 anayesikia watu mia tano wakiimba jina lake hawezi kusema kwamba anaona vitu viwili viwili. Atasema yu mzima. Atalisema hilo mbele ya mwalimu, mbele ya mwamuzi, na mbele ya baba yake hasa, ikiwa baba yake ni askari aliyemfundisha tangu utoto kwamba mtu haachi mstari wake wenzake wangali wanapigana. Fundisho hilo ni jema mahali pake. Lakini hata jeshini, aliyepigwa kichwani huondolewa mstarini, na anayemwondoa ni mwenzake, kwa kuwa mwenyewe hana tena kipimo cha kujipimia.

Mama alishuka ngazi za jukwaa akiwa bado na kikombe mkononi. Alipofika mstari wa pembeni hakupiga kelele. Alimwita mwanawe kwa jina la utotoni, akamuuliza, "Mwanangu, leo tuko uwanja gani?"

Kijana alitaja uwanja waliochezea wiki iliyopita.

"Nani amepata trai ya mwisho?"

Kijana alitazama milingoti kana kwamba jibu limeandikwa huko, akanyamaza.

Maswali hayo mama hakuyabuni. Ndiyo yanayotumika viwanjani duniani kote: tuko wapi, hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani amefunga mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, je, mlishinda? Asiyeweza kujibu moja anashukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo, na sheria ya raga ni fupi: anatoka, na siku hiyo harudi. Si lazima awe amezimia. Wengi wenye mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Dalili huweza kuwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho yaliyopotea, mwendo wa kuyumba, au kukasirika bila sababu. Akilalamika kwamba shingo inauma, asiinuliwe wala asivuliwe chochote mpaka aje mwenye ujuzi. Na hatari inayoogopwa zaidi ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona, kwa maana ubongo wa kijana huweza kuvimba ghafla, naye akafa. Ni nadra, lakini imewahi kutokea katika nchi zinazocheza raga, na mara nyingine ilitokea kwa watoto walioambiwa wakaze moyo.

Mwalimu wa timu alisita. Alikuwa na haki ya kusita, maana badala ya namba saba alikuwa na kijana mwembamba ambaye shati lilimfunika mapaja. Kutoka jukwaa la wanafunzi wa zamani, ng'ambo, sajini alikuwa ameona yote. Marafiki zake walikuwa wakishangilia, kwa kuwa kutoka kwa namba saba kulikuwa faida kwao. Akaondoka kimya, akazunguka nyuma ya milingoti, akamfikia mwalimu. "Afande," alisema, ingawa mwalimu hakuwa askari, "mtoe. Mimi ndimi baba yake, tena ni wa shule ile nyingine. Hata mimi ninasema mtoe."

Kijana alitolewa akilia kwa hasira. Yule mwembamba aliingia, akakaba watu wawili wakubwa kuliko yeye, na bado shule yake ikafungwa kwa penalti ya dakika ya mwisho, 15 kwa 10. Simu ya sajini ililia mara nyingi jioni ile. Wenzake walitaka aje washerehekee. Hakuipokea. Alikuwa ameketi katika benchi la hospitali ya Naguru, akiwa bado na skafu yenye rangi za shule yake shingoni, na mwanawe ameegemea bega lake akiwa na skafu ya rangi nyingine.

Daktari aliwapa maagizo ambayo yafaa kila nyumba iyajue. Asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Kulala si vibaya, kinyume cha wasemavyo wazee, mradi awepo mtu wa kumwangalia. Asipewe aspirini. Akitapika tena na tena, au kichwa kikizidi kuuma, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akipata degedege, au akawa haamshiki, arudishwe hospitali saa ile ile bila kungoja asubuhi. Siku mbili za kwanza apumzike na aiache simu. Baadaye atembee polepole, arudi kwanza darasani, na mpira auguse mwisho kabisa, baada ya muda usiopungua wiki tatu na kwa ruhusa ya daktari. Ugumu wa maagizo hayo ulikuwa kwenye simu kuliko kwenye mpira.

Mwalimu wa timu alipiga simu siku ya pili kumjulia hali. Siku ya tano alipiga mchezaji mwenyewe wa goti lile, kijana wa shule ya baba, akaomba radhi kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake. Walizungumza kwa muda mrefu kuliko daktari alivyoruhusu, na mama alijifanya hasikii.

Jumamosi ya wiki ya nne timu ya kijana ilikuwa na mechi nyingine, na shule ya baba haikuhusika. Kijana alikwenda akiwa amevaa sare ya darasani, akapewa kazi ya kubeba chupa za maji. Sajini na mama watoto walikaa upande mmoja wa kiwanja kwa mara ya kwanza tangu mtoto huyo apate nafasi shuleni. Kipindi cha pili kilipoanza, namba saba mwembamba alimwangusha mtu, akachelewa kuinuka. Mama aliweka kikombe chini.

"Kaa, mama watoto," alisema sajini, "yule si wako."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusimama.