Mficha Uchi Hazai: Tafsida na Maumivu ya Hedhi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefunzwa kuienzi tafsida. Mwenye mimba huitwa mja mzito. Aliye katika hedhi husemwa kuwa yumo mwezini. Huo ni uungwana wa lugha, nami siupingi. Hoja yangu ni kwamba pana mahali ambapo tafsida haina budi kuachwa mlangoni, napo ni chumba cha daktari.

Nilijifunza haya kwa gharama. Nikiwa katika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, kila mwezi nilikosa mihadhara siku mbili au tatu, nimejikunja kitandani. Zahanatini nilimwambia mhudumu, mwanamume wa rika la baba yangu, "Tumbo linaniuma." Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilirudi mara mbili kwa kauli ile ile, nikatoka na dawa zile zile. Yeye hakuuliza, nami sikusema. Mara ya nne nilimkuta muuguzi aliyeniuliza, "Je, huja pamoja na hedhi?" Swali hilo moja ndilo lililonifikisha kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.

Tatizo lilikuwa la msamiati pia. Tumbo ni mahali pa chakula, na tumbo ni uzazi; ndugu wa mama mmoja ni wa tumbo moja. Mganga atajuaje ni tumbo lipi? Hata neno chango, ambalo wengi hulitumia kwa maumivu haya, hutumiwa pia kwa maradhi mengine.

Maumivu ya kiasi, bila shaka, ni ya kawaida. Mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hukaza misuli yake ili utando wa ndani utoke. Maumivu hayo huanza pamoja na damu au muda mfupi kabla, na aghalabu hutulia baada ya siku moja hadi tatu. Chupa ya maji moto husaidia. Ibuprofeni nayo hupunguza kemikali hizo, ingawa mwenye vidonda vya tumbo au pumu amwulize mfamasia kwanza.

Hata hivyo, "ni kawaida" lisiwe jibu la kila kilio. Yafaa kumwona daktari iwapo maumivu yanakuzuia kuhudhuria masomo, hayasikii dawa, yanazidi mwaka hadi mwaka, au yanakujia hata nje ya siku za hedhi; iwapo unaumia unapojamiiana au kwenda haja; iwapo unabadilisha sodo kila saa moja au mbili, au damu inapita siku saba. Maumivu makali ya ghafla, hasa kama hedhi imechelewa, au yenye homa, hayangoji kesho.

Huenda chanzo kikawa uvimbe, maambukizi, au endometriosi, ambapo tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba endometriosi huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na huweza kusababisha ugumba. Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hapa hawakusema kwa mafumbo.

Watakuwapo watakaodai kwamba kunena hivi ni kukosa haya. Hedhi si tusi. Masheikh wa pwani hufundisha hukumu zake kwa jina lake, bila kumumunya maneno. Serikali yetu nayo iliondoa ushuru wa sodo mwaka wa 2004, na mwaka wa 2017 sheria ya elimu ikarekebishwa ili wasichana shuleni wapewe sodo bila malipo. Hatua hizo ni za kupongezwa, lakini sodo hupokea damu, haitibu maumivu.

Sisi tutakaokuwa walimu, wafasiri na watangazaji tuwafundishe dada zetu kauli kamili: "Nina hedhi. Naumwa chini ya kitovu. Yalianza siku fulani. Dawa hazinisaidii." Kauli hiyo haina tamathali hata moja, lakini ingeniokolea miezi mingi.